Baba Alitaka Kuiona Wajir Tena

Tangu turudi, kila anayenikuta sokoni Kerugoya au pale ninapofundishia watu kuendesha magari ananiuliza swali lile lile: ulimpeleka mzee wa umri ule huko kufanya nini? Nimejibu kidogo hapa na kidogo pale hadi kila mtu ana kipande chake, na vipande vyenyewe havilingani. Wapo wanaoamini tulitekwa. Wapo wanaoamini tulienda kununua ngamia. Basi tulieni niwaeleze yote mara moja, tangu tulipotoka hadi tulipogeuza gari.

Baba yangu, Mzee Gichobi, aliendesha malori ya mizigo kaskazini mashariki tangu kabla sijazaliwa hadi nilipokuwa msichana mkubwa. Mwaka huu daktari wa macho alimwambia ana presha ya macho, na kwamba pembeni kumeshafungika. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hata hilo bomba linazidi kuwa jembamba. Ndugu zangu walilia. Baba hakulia. Baada ya siku kadhaa akaniambia tukiwa jikoni kwamba kama kuona kuna mwisho, yeye angependa kuamua mwenyewe ataona nini mwisho. Alitaka kuuona mji mweupe wa Wajir, na alitaka kumwona Issack.

Huyo Issack sisi tumekua naye bila kumwona. Baba alitusimulia mara nyingi jinsi lori lake lilivyovunjika springi kati ya Wajir na Buna mwaka wa ukame mkali. Utingo wake alirudi na gari lingine kutafuta springi, yeye akabaki peke yake na magunia ya mahindi na woga wake. Akatokea mfugaji mmoja na ngamia, akakaa naye mpaka springi ilipofika, akimnywesha maziwa asubuhi na jioni. Baba alikuwa akimaliza kwa kutuonyesha kidole: wewe, na wewe, na wewe, mko hapa kwa sababu ya mtu yule.

Nilisema nitampeleka. Kazi yangu ni kukaa kando ya watu wasiojua kuendesha gari, kwa hiyo barabara hainitishi.

Mwea hadi daraja la Tana

Tulipitia Mwea na Masinga, tukaishika barabara ya Garissa pale Kangonde. Baba alikaa kando yangu kwenye pikapu akinirekebisha. Gia ya nne mapema mno. Usimkaribie yule. Hapa kuna kona mbaya mbele. Nami nilimjibu kwamba kona hiyo ilinyooshwa zamani. Tuligombana hivyo hadi Mwingi, tukala mbuzi na mukimo kimya kimya, kisha tukaendelea kugombana.

Baada ya Mwingi miti ilifupika, udongo ukawa mwekundu kisha wa mchanga, na baba akaanza kupunguza maneno. Kwenye kizuizi cha polisi kijana mmoja mwenye lafudhi ya kwetu alichungulia ndani na kutuuliza tunapeleka nini. Nilimwambia hatupeleki kitu, tunakwenda kutembea. Aliuliza kama tuna mtu wetu amefiwa huko. Nikamwambia hapana, ni utalii. Akamwita mwenzake aje asikie. Mwenzake alituzunguka, akatazama nyuma ya pikapu palipokuwa na godoro, madebe ya maji na gunia la mchele wa Mwea, akasema kwa huruma kabisa kwamba watalii huenda Mombasa.

"Mombasa nimeiona," baba alimjibu. "Fungua njia."

Tulivuka daraja la Tana jua likiwa limeanza kulegea. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, na mashamba ya ndizi na maembe yamekaa kando yake kana kwamba hakuna jangwa popote duniani. Niliegesha upande wa pili baba apate kuutazama. Alishikilia kofia yake na kuyafuata maji kwa kichwa kizima, kwa kuwa macho peke yake hayatoshi tena.

Garissa, twiga na ndizi

Asubuhi tulienda kwenye hifadhi ya twiga wanayoitunza wenyeji nje ya mji. Nawashauri mwende. Hakuna uzio wa maana, unatembea kwa miguu na mlinzi, na twiga wanakutazama kama majirani wanaojiuliza umekuja kwa nani. Nilikuwa na hofu kwamba baba hatawapata kwenye lile bomba lake. Nilisahau kwamba twiga ni mnyama mrefu. Nilimwambia ainue kidevu, kushoto kidogo, na akampata mmoja aliyekuwa akila mgunga. Alimpandishia macho polepole, kutoka magoti hadi pembe, akacheka peke yake.

Mchana tuliingia hoteli moja karibu na soko la mifugo. Tuliletewa wali wa viungo, nyama ya ngamia na ndizi mbivu moja moja kando ya sahani. Baba, mtu wa Mwea, anauheshimu wali kuliko watu wengine. Aliiweka ndizi mfukoni akisema ataila njiani. Mwenye meza ya pili, mzee mmoja mwenye ndevu zilizotiwa hina, alimwona anakula wali mtupu, akafikiri mgeni amenyimwa. Akaimenya ndizi yake mwenyewe na kuikatakata juu ya wali wa baba kabla sijafungua mdomo. Baba alinitazama. Nilimwambia kwa Kikikuyu kwamba ni heshima, ale. Alikula. Alipomaliza aliitoa ile ya mfukoni na kuikatakata mwenyewe, na tangu siku hiyo hali wali bila ndizi. Mama amekasirika sana.

Lagha

Kutoka Garissa hadi Modogashe ni lami nzuri. Mbele ya hapo ujenzi unaendelea, na unaruka kutoka lami mpya hadi vumbi na tena lami. Tulikuwa tumepita Modogashe tunapiga hesabu ya kulala Wajir, tukakuta malori yamepangana na watu wamekaa chini. Lagha ilikuwa imejaa. Lagha ni mkondo wa mto usio na maji. Mwaka mzima unaukanyaga kama barabara, kisha mvua inanyesha mbali usikoona wingu, na maji yanakuja yote kwa pamoja. Kwenye jua kali lile, bila tone la mvua, maji ya matope yalikuwa yanapita mbele yetu yakibeba miti.

Ni hapo tulipokutana na Halima. Ni mama wa umri wangu, mfanyabiashara wa vitambaa anayenunua mali kwenye kambi ya wakimbizi ya Ifo na kuiuza Wajir. Gari alilopanda lilikuwa limevunjika ekseli nyuma yetu, na yeye alikuwa ameketi juu ya marobota yake kama mwenye nyumba. Alipomwona baba akitaka kusogelea maji alimshika mkono bila kujitambulisha.

"Mzee, kaa. Maji hii itabungua yenyewe," alisema. "Watu wanakufa kwa haraka, si kwa maji."

Alitandika kitambaa chini ya lori, akaomba sufuria yangu, akapika chai yenye iliki na maziwa ya ngamia kutoka kwenye galoni ya manjano. Maziwa hayo yana harufu ya moshi, kwa sababu chombo hufukizwa kwa kuni maalumu. Baba aliponusa alifumba macho. Sikumuuliza alikuwa wapi wakati huo.

Tukakubaliana kwamba maji yakipungua nitambeba Halima na mali yake hadi Wajir. Katika mazungumzo aliuliza tunakwenda kwa nani. Baba akasema kwa Issack. Issack nani? Baba hakujua. Issack wa ukoo gani? Hakujua. Halima akasema kwa upole kwamba huko tuendako, ukisimama sokoni ukaita Issack, nusu ya soko itageuka. Nilimwona baba akinywea. Ndugu zangu walikuwa wamemwambia hivyo hivyo nyumbani, akawaita waoga, na sasa anaambiwa na mwenyeji. Alisema Issack alikuwa mrefu. Halima akasema wote ni warefu.

"Alikuwa na mwanya," baba alisema mwishowe, akijigusa meno ya mbele. "Mkubwa. Wenzake walikuwa wakimwita jina. Fa, fana..."

"Fanah," Halima alimalizia. "Mwenye mwanya."

Alitoa simu. Kwetu jina la utani ni la mzaha. Kule ndilo anwani. Alimpigia shemeji yake aliyeko Eldas, shemeji akampa namba ya dereva, dereva akasema kuna wazee wawili wanaoitwa hivyo, mmoja alihamia Moyale na mwingine yuko Buna. Kisha mtandao ukapotea. Tukabaki na hilo, mzee mwenye mwanya aliyeko Buna, ambaye huenda ndiye na huenda siye.

Maji yalipungua kama Halima alivyosema. Malori yalitangulia, nikafuata alama za magurudumu yao kwa gia ndogo bila kukanyaga breki wala klachi, kama ninavyowaambia wanafunzi wangu kila siku. Upande wa pili baba alisema, "Hapo umeendesha." Nawaambia wazi kwamba nimefundisha watu wengi kuendesha, na sifa hiyo ndiyo ya kwanza kutoka kwake.

Wajir, mji mweupe

Wajir imejengwa juu ya mawe ya chokaa, na nyumba zake za zamani zimepakwa chokaa hiyo. Asubuhi mji unang'aa mpaka unakunja uso. Mwenye nyumba ya wageni tuliyolala alituuliza tumetumwa na ofisi gani. Nilipomwambia tumekuja kuangalia tu, alitikisa kichwa kama aliyeelewa, akachukua funguo na kutuonyesha vyoo vyake kimoja baada ya kingine, na matangi, na shimo la taka. Alidhani sisi ni wakaguzi wa afya na tunajificha. Tulivisifu vyoo. Vilikuwa safi kweli. Mpaka tunaondoka hakuamini.

Halima alitutembeza. Alitupeleka kwenye visima vya Orahey, ambako maji yako karibu hivi kwamba wanaume wanayateka kwa mikono na kuyamimina kwenye birika refu, ngamia wakisubiri zamu bila kusukumana. Wanaimba wanapoteka, na ngamia wanasogea wimbo unapobadilika. Tulienda pia Ziwa Yahud, nje ya mji kidogo. Msitarajie ziwa la kuogelea. Ni bwawa la kijani katikati ya mchanga, lakini ndege wanaoshuka pale jioni ni wengi hata baba aliwaona bila kuelekezwa, kwa maana popote alipogeuza kichwa walikuwepo. Kuna na lile jumba la kale ambalo maofisa wa kikoloni walilijenga kwa umbo la mashua mahali pasipo na maji ya kuelea hata kibuyu. Baba aliligusa ukuta, akasema watu waliokuwa na ukiwa wa namna hiyo wangerudi tu kwao.

Jioni tulikula anjera, zile chapati laini za unga uliochachuka, na nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa ndogo ndogo, ikakaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Hapo nikasema maneno niliyokuwa nimeyaweka tangu lagha. Nilimwambia baba kwamba Wajir ameiona, na barabara ya Buna ni ya mchanga, na mzee wa huko anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Nilitaka arudi nyumbani na furaha aliyokuwa nayo, isiharibike.

Aliomba nimsogezee taa.

"Nikikosea mtu, nitakuwa nimemwona mtu mwingine," alisema. "Hiyo nayo ni kuona."

Kulipokucha nilijaza tangi. Halima alitupa kipande cha kitambaa kwa ajili ya mama, akamwita baba yangu baba kwa Kisomali, "Aabo, Mungu akufikishe," na mimi akaniita dada. Nilimwachia mchele nusu gunia. Alikataa, nikauacha mlangoni, nikaondoa gari.

Buna

Barabara ile ilinifundisha. Mchanga, mawe, kisha mchanga, na vichuguu virefu kuliko gari. Hatukugombana. Baba alikuwa ameegemea mbele, mikono miwili juu ya dashibodi, akitafuta mahali lori lilipokufa. Mara mbili alisema ni hapa. Mara mbili akasema hapana.

Buna tulimuuliza muuza duka kuhusu Mzee Fanah. Alituelekeza kwenye boma lenye nyumba moja ya mabati na vibanda viwili vya mikeka. Mama mmoja mrefu aliyevaa hijabu ya kahawia alitoka, akatusalimia, akasema yeye ni Rukia, na ndiyo, baba yake yumo ndani. Kisha akamwelekeza baba kwa heshima zote, akionyesha chini:

"Karibu, mzee. Fua fiatu."

Baba alinigeukia, akaniuliza kama nina sabuni. Alikuwa ameinama, ameshaanza kukung'uta kiatu, anauliza maji yako wapi, akilaumu barabara kwa kumchafua hivyo mbele za watu. Nami nilikuwa nimeelewa kwamba anaambiwa avue, si afue, lakini kicheko kilinizuia kusema. Rukia aliduwaa. Ndipo kutoka ndani tukasikia sauti nzito ya mwanamume ikicheka, ikikohoa, ikicheka tena, halafu ikasema kwamba mtu anayetaka kufua viatu Buna, ambako maji yanaletwa na lori la boza, lazima ni dereva.

Baba alisimama wima, kiatu kimoja mkononi.

Mzee aliyetoka alikuwa mrefu na mwembamba, anatembelea fimbo. Meno yake mengi yalikuwa yamekwenda, kwa hiyo mwanya haukuwepo wa kumtambulisha. Walisimama karibu sana, kwa kuwa baba alilazimika kumtafuta usoni kidogo kidogo. Paji. Pua. Kovu juu ya nyusi.

"Gichobi," yule mzee alisema kwanza.

Walishikana mikono na hawakuiachia hata walipokuwa wanaketi.

Tulipokwisha kunywa chai, baba alianza kumweleza Rukia habari za springi na woga wake na maziwa. Aliisimulia vizuri, kama alivyotusimulia sisi. Mzee Issack alisikiliza akisugua fimbo, kisha akasema mambo hayakuwa hivyo.

Alisema yeye hakuja kumwokoa mtu. Walikuwa wanahama, kisima walichokitegemea kilikuwa kimekauka, ngamia wengi walikuwa wameanguka njiani, na mkewe alikuwa ametoka kujifungua na hana nguvu ya kusimama. Waliliona lori kwa mbali wakalifuata kwa sababu palipo na lori pana maji. Dereva alikuwa na pipa la maji ya rejeta na dumu lake la kunywa. Aliyafungua yote mawili. Alimpa mke wa Issack kwanza, kisha watu wengine, kisha akawapikia ugali, na usiku akamlaza mama na mtoto kwenye kiti cha lori, yeye akalala chini. Yaliyobaki kwenye pipa walimpa ngamia mmoja aliyekuwa bado na maziwa kidogo.

"Maziwa baba yako alikunywa," aliniambia, "ni ya ngamia alikunywa maji ya lori yake. Mimi nilikamua tu." Akamwonyesha Rukia kwa fimbo. "Na mtoto ni huyu."

Rukia aliinamisha kichwa. Alikuwa anaijua hadithi hiyo maisha yake yote, kama sisi tulivyoijua yetu.

Nilimwuliza baba kwa nini hakutuambia habari za maji. Alionekana amekereka, kama mtu aliyesingiziwa.

"Yalikuwa maji ya gari," alisema. "Gari lilikuwa limekufa. Lingeyanywa ya nini?"

Wakabishana. Issack akasema pipa lilikuwa limejaa, baba akasema lilikuwa nusu. Baba akasema fisi walikuja mara nyingi na Issack aliwafukuza, Issack akasema fisi alikuwa mmoja na alikuwa mzee. Kila mmoja alikuwa amebeba miaka yote hiyo shukrani kwa mwenzake, na hakuna aliyekubali kushukuriwa. Nilitoka nje nikakaa na Rukia kivulini. Alinishika mkono tu, akasema nimwite abaayo, yaani dada, na mimi nikamwita hivyo.

Uwanda

Siku ya kuondoka, Mzee Issack alisema anataka kupandishwa gari na Gichobi. Nilidhani anamaanisha nimwendeshe mimi, baba akiwa nyuma. Akasema hapana, anataka Gichobi ashike usukani. Nilimweleza kuhusu macho. Akasema macho yake yeye ni mazima, na watakaa kiti kimoja.

Mnajua kazi yangu. Nimeshawanyima watu vyeti kwa kushindwa kusoma kibao. Nilimtazama baba. Hakuomba. Alikuwa ameshika mlango wa gari, anangoja nimkatalie, na niliona kwamba nikikataa hatanilaumu hata siku moja.

Nje ya Buna kuna uwanda mgumu, mweupe, tambarare hadi macho yanapochoka. Hakuna mti, hakuna mfugo, hakuna mtu. Niliendesha hadi katikati, nikaukagua mwenyewe kwa kuuzunguka kabla ya kushuka. Kisha nikampa baba kiti changu. Nilimwambia asipite gia ya pili. Akaniambia niondoke mbele ya gari.

Tulisimama na Rukia tukiwatazama. Baba aliondoka taratibu bila kuruka, klachi laini kabisa, na dirisha likiwa wazi tulisikia Issack akimwambia kulia, kulia kidogo, nyoosha. Walichora duara kubwa. Nilisikia injini ikiomba gia ya tatu, na akaibadilisha, nami nikanyamaza. Vumbi jeupe liliinuka nyuma yao. Rukia aliniuliza kama anaona. Nikamwambia anaona kidogo. Akasema inatosha, hakuna cha kugonga.

Walikwenda mbali hadi gari likawa dogo, wakageuza, wakaja moja kwa moja kwetu. Nilisikia Issack akisema basi, hapo. Baba akasimama hatua chache mbele yangu, akavuta breki ya mkono, akazima. Alikaa kwa muda mikono ikiwa juu ya usukani, uso wake umejaa vumbi isipokuwa pale machozi yalipopita. Issack naye alikaa, akitazama mbele kana kwamba bado wanakwenda.

Kisha baba alifungua mlango, akashuka, akalizunguka gari akilipapasa boneti kwa kiganja mpaka akaufikia upande wa pili.

"Shika wewe sasa, Muthoni," alisema. "Mimi nimefika."